Kijiwe Chekundu cha Pete ya Mama

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga mtaani Huruma hakuna aliyenishinda kuchambua maharagwe. Sijisifu bure, waulizeni tulioishi nao. Nikishaweka sinia mapajani, vidole vilijiendea vyenyewe, jiwe nje, takataka nje, huku mdomo ukipiga soga na majirani.

Kwa hiyo miaka ile ya themanini, akina mama wa kanisa letu walipopanga safari ya kwenda kujichimbia vito huko Taita, nilimwambia mama, "Nakuletea jiwe la pete yako." Pete hiyo alipewa na baba, mchonga vinyago, kabla hajafariki. Kijiwe chake cha kioo chekundu kilidondoka siku tulipowasaidia majirani kupika maharagwe ya arusi. Mama alisema kimeangukia mferejini, maji yamekichukua, tusijisumbue kukitafuta. Akaendelea kuvaa pete yenye shimo, nami iliniuma kila nilipoiona.

Machimboni, mzee aliyetuongoza alimpa kila mtu sururu na chekeche, akatuonyesha pa kuchimba. Kijiwe utakachopata ni chako. Nilichimba, nikachekecha, nikachambua, nikamaliza wa kwanza. Sikupata kitu. Nikapandwa na hasira, nikamwambia mzee wazi kwamba ametuleta mahali palipokwisha kuchimbwa na wenzake.

Alichutama nyuma yangu, kwenye rundo la vitu nilivyotupa, akaokota vijiwe vitatu vyekundu, akavilamba kuondoa vumbi, akaviinua juani.

"Binti, wewe unachambua maharagwe," akasema. "Hapa jiwe ndilo tunaloweka."

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Nilicheka nao, mimi si mtu wa kununa. Kisha kicheko kikanikatikia. Siku ile ya arusi sinia lilikuwa mapajani mwangu, na mama alikuwa ameketi mbele yangu, mikono yetu ndani ya sinia moja.

Tuliporudi niliichukua pete ya mama, na fundi mmoja wa soko la Kariokor akakipachika kijiwe kilichokuwa kizuri zaidi. Nilipomvisha mama pete yake sikuzunguka mbuyu.

"Kile cha baba hakikuingia mferejini," nikamwambia. "Nilikitupa mimi."

Mama aligeuza kidole kwenye mwanga wa mlango, akakitazama kijiwe.

"Najua," akasema. "Nilipogundua, takataka zilikuwa zimeshazolewa. Na wewe ulikuwa umemaliza wa kwanza, umefurahi. Ningekuambia nini?"