Meya Aliyebomoa Ukuta wa Bwawa

Aderbal Nóbrega hakuingia kwenye siasa kwa wito. Alikuwa mhandisi wa barabara wa jimbo la Paraíba, Brazili, na kila barabara aliyoipima ilipinda ghafla ili ipite mbele ya shamba la mheshimiwa fulani. Akachoka kupinda. Kama wao ndio wanaoamua, akajisemea, bora nikakae wanakoamulia.

Akarudi kwao Serra do Angico, kwenye nyika kavu, akajifunza biashara mpya. Pale siasa si hotuba, ni kahawa. Unaingia nyumba kwa nyumba, unakunywa hata kama tumbo limekataa, unamsifu mtoto, na ukiombwa kuwa baba yake wa ubatizo, unakubali. Aderbal alikunywa na kubatiza. Dona Zulmira, muuza samaki wa kukaanga kando ya bwawa, alimpa kitindamimba wake. Tangu hapo wakaitana mzazi mwenzangu, na ukoo mzima wa Zulmira ukamfuata. Akawa meya.

Tatizo lilikuwa bwawa. Pembeni mwa tuta kulikuwa na utoro, njia ya zege ambapo maji ya ziada hupita bwawa likijaa. Meya aliyemtangulia, Otacílio, alikuwa ameuziba kwa ukuta wa matofali unaofika kifuani, ili maji yabaki mengi zaidi. Watu wa ukame humpenda anayezuia maji. Aderbal aliuona ukuta ule wakati wa kampeni akanyamaza, maana kuugusa kulikuwa kugusa kura.

Kisha, mwaka wa uchaguzi, mvua ikaja kwa hasira. Maji yakapanda hadi katikati ya ukuta. Watu wakawa wanakuja kila alasiri na fataki mkononi, wakisubiri bwawa lifurike, kwani huko kufurika kwa bwawa ni sikukuu kubwa kuliko Krismasi. Aderbal hakutazama juu. Alishuka chini ya tuta, akakuta maji yanachuruzika, na yalikuwa ya tope. Maji yakichuruzika meupe, tuta linatoa jasho tu. Yakiwa ya tope, linaliwa kwa ndani. Na chini ya tuta kulikuwa na mtaa, nyumba ya Zulmira ikiwemo.

Akaenda kwenye kibanda cha Zulmira.

"Mzazi mwenzangu," Zulmira alimwahi, "nasikia unataka kutumwagia maji."

"Nataka kubomoa ukuta. Ya juu yatoke, ya chini yabaki."

"Miaka yote hii tunaletewa maji na lori kama ng'ombe wa mnada. Leo Mungu katupa, wewe unamrudishia?"

Wateja wakacheka. Otacílio naye alikuwepo, anachambua miiba ya samaki. "Huyu injinia wa lami. Maji kayajulia wapi, kwenye glasi ya wiski? Ukuta wangu umesimama miaka."

"Umesimama kwa kuwa maji hayakuwahi kuufikia hadi mwaka huu. Hata mimi ni hodari mbele ya fahali wa kuchorwa."

Kicheko kikahama upande. Aderbal hakukipoteza. Alijua kwamba habari za tope hazimshawishi mtu, akamgeukia Zulmira.

"Ukuta ukibaki, bwawa litafurika lini? Mvua ikikatika kesho, halifuriki. Nikiubomoa leo, linafurika leo."

Zulmira aliacha kugeuza samaki. Bwawa likifurika, miji yote ya jirani huja kutazama, na wote huja na njaa.

"Leo leo?"

"Leo leo."

"Na kiangazi wakiniuliza maji yalikwenda wapi?"

"Waambie meya aliyamwaga."

"Nitawaambia hivyo hivyo. Usidhani nitakufichia."

Wakaubomoa tabaka kwa tabaka, kuanzia pembeni. Maji yakapita utoroni yakinguruma, fataki zikalia, watu wakaoga na nguo zao. Siku chache baadaye mchuruziko ukawa mweupe. Lakini tuta ambalo halikupasuka halina la kuonyesha watu. Oktoba maji yalipopungua, Otacílio alizunguka na sentensi moja: "Maji yenu yako baharini." Aderbal akashindwa uchaguzi.

"Mimi kura nilikupa," Zulmira alimwambia. "Wanangu, siwasemei."

Otacílio alishaahidi kuujenga ukuta upya. Basi kabla hajaapishwa, Aderbal alimfuata nyumbani. Madiwani walikuwa wamegawanyika, na wa Aderbal walitosha kuzuia jambo lolote.

"Unataka shemeji yako awe mwenyekiti wa baraza. Nitakupa. Utoro uache ulivyo."

Otacílio alimtazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe kwa bei ya mbuzi. "Hilo tu? Hutaki kazi hata ya mpwa wako?"

"Hilo tu."

Wakapeana mikono. Masika yaliyofuata bwawa lilifurika tena, na Otacílio ndiye aliyepanda jukwaani kuyapokea maji.