Kompyuta Chumbani kwa Mama Mkwe

Ijumaa moja kule ukweni, Sironga, nilijitia kuifungua kompyuta ya mama mkwe niitoe vumbi. Vumbi lenyewe lingetosha kupandia migomba mitatu. Nikapangusa, nikarudisha kila kitu, na kwa kuwa cheti changu cha kompyuta, cha masomo ya usiku, ukweni wamekisikia mpaka wamekikariri, nikatangaza, "Sasa hii itapaa!"

Mama mkwe akaibeba hadi chumbani mwake, kwenye skrini, printa na soketi pekee nzima ya nyumba ile. Akaiwasha. Skrini ikabaki nyeusi kama chungu.

Maneno ya nyimbo za kwaya yake yalikuwa humo ndani, na kesho wageni wanakuja kanisani. Jua likizama Sabato inaingia, hakuna kuchapisha tena. Na mimi mwenye cheti siwezi kuingia: kwetu Wagusii, mume wa binti hakanyagi chumba cha kulala cha mama mkwe, hata kikiwaka moto.

Nikasimama nje ya mlango, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mama, inasemaje?"

"Inalia, mkwe. Pii, pii, pii. Umeifanya nini?"

Nikamgeukia baba mkwe pale sebuleni. "Mzee, si uingie umsaidie?"

"Mimi nilioa mama. Kompyuta umeifungua wewe."

Mlio ule niliujua: kibao cha memori hakijakaa sawa.

"Mama, zima, chomoa waya wa umeme, kisha fungua ubavuni. Unaona kibao chembamba cha kijani, kimesimama?"

"Kimesimama kama mlevi. Upande mmoja umeinuka."

"Kibonyeze kwa vidole gumba, huku na huku, mpaka kilie ta."

"Nikikivunja je?"

"Hakivunjiki, mama. Bonyeza!"

Vidole vile vimechuma majani chai maisha yote. Ta! Nadhani hata sokoni Masimba, mbali kule, walisikia.

Akaiwasha tena. Pii moja tu, halafu baada ya karne mbili hivi printa ikaanza kukohoa karatasi. Nje jua lilikuwa linaning'inia kwa ukucha. Baba mkwe akakohoa naye, akaanzisha wimbo wa kufungua Sabato, polepole mno, nadhani kwa huruma. Huruma ikamwishia kabla ya ukurasa wa mwisho, akamwita mkewe.

"Mama, jua limezama. Zima."

Akazima. Ubeti wa nne wa wimbo wa mwisho ukalala ndani ya mashine.

Kesho yake kwaya iliimba ubeti wa tatu mara mbili, mama mkwe akiongoza kwa uso mkavu kabisa. Mgeni mmoja akaniambia marudio yale yamemgusa sana. Nikamwambia, "Huku kwetu ndivyo tunavyoimba."