Gundi kwenye Usukani

Kila nikifuta gundi ya stika kwenye beseni la mtoto kwa mafuta ya taa, ile harufu hunirudisha uani kwetu, nimechuchumaa mbele ya baiskeli ya mama. Ilikuwa yake. Wanunuzi binafsi walipoanza kuingia kijijini, aliwauzia pamba ya kishamba chake akainunua, akazungushia usukani tepu nyeusi ili mikono isiteleze akipeleka mchele mnadani.

Sasa kaka alikuwa anaoa, na mahari ilipungukiwa ng'ombe mmoja. Baba akaamua baiskeli iende badala yake. Hakumuuliza mama hata neno. Mali ya mwanamke, eti ni ya nyumba.

"Toa gundi yote," baba aliniambia. "Wakwe wakishika kitu kinachonata, watatucheka mpaka kwao Nkoma."

Nilibandua tepu. Chini yake ikabaki gundi nyeusi kama lami, imeshika vumbi na nyuzi za pamba. Nikawa nasugua polepole, makusudi. Niliwaza, ikibaki chafu wataikataa.

Mama akatoka jikoni.

"Unabembeleza nini hapo?"

"Mayu, haitoki," nilimjibu mama.

"Inatoka. Lete."

Akachovya tambara kwenye mafuta, akachota na majivu, akasugua kwa nguvu zake zote. Nilitaka apige kelele, atukane, aivunje kabisa. Alisugua tu. Kisha akapitisha kiganja kwenye chuma, toka ncha hii hadi ile, akamwita baba.

"Njoo ushike," alisema. "Hainati."