Mume Wangu Amependa Sehemu ya Pili

Huyu ni mfuasi wetu kutoka Kampala. Majina tumeyaficha kama alivyoomba. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjaandika lolote.

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, Mnubi, fundi wa kushona sare za shule huku Old Kampala. Nimeolewa, nina binti mmoja. Mume wangu ni mwanajeshi, mtu wa kaskazini. Hanipigi, halewi, na mchepuko kama anao basi mimi simjui. Nayasema haya mapema kwa sababu najua maswali yenu.

Shida yangu inaanzia kwenye gemu. Chekeni tu, nimezoea.

Tulipooana tulikuwa na chumba kimoja karibu na Kyambogo, kitanda, jiko la mkaa, na mashine ya gemu ya mtumba aliyoinunua kabla hata ya sufuria. Dada zangu walimcheka sana. Tulikuwa na gemu moja ya watu wawili. Mnakimbia pamoja kwenye mji uliojaa maji, mazimwi yanawafukuza. Mmoja akianguka, mwenzake lazima arudi, amshike mkono na kubonyeza kitufe mpaka ainuke. Mazimwi hayangoji. Mara nyingi tulikufa wote wawili palepale kwa sababu ya kuinuana, na mwangukaji mkuu nilikuwa mimi. "Banange, wewe mwanamke ni muzigo!" alikuwa akipiga kelele, huku anarudi. Na alirudi kila mara.

Kabla hajapelekwa Somalia alileta sehemu ya pili. Tukaicheza siku mbili, tukaitupa kabatini. Picha zilikuwa nzuri kuliko za kwanza, mvua unaiona kabisa ikidondoka, lakini walikuwa wameondoa kule kuinuana. Ukianguka unalala kidogo, kisha unasimama mwenyewe. Mwenzako anaweza kuwa amefika mbali na asijue. Nilisema gemu hii haina roho, naye akakubali.

Akaenda, akarudi, akaenda tena. Mwaka huu amerudi. Anaamka, anaoga, anakula, anasema asante. Ukimuuliza kitu anajibu hichohicho ulichouliza, kisha ananyamaza. Binti yetu alimchezea ngoma aliyofundishwa shuleni. Akamtazama mpaka mwisho, akamwambia, "Asante. Sasa enda uoge." Nilipomweleza mama yangu alinikata kauli: "Wenzako waliletewa sanduku. Wewe umeletewa mutu muzima, unalia nini?" Mama, silii. Hilo ndilo linaloniogopesha. Hata nikitaka kulia silii, moyo umekufa ganzi.

Jumapili moja mchana, binti yuko kwa bibi yake, mume wangu akaitoa ile mashine kabatini, akaifuta vumbi, akaweka sehemu ya pili. Nikamwambia tucheze ile ya kwanza.

"Hapana," akasema. "Ile inachosha. Hii ni muzuri, hakuna kungojana."

Nikakaa, tukacheza mpaka saa ya chai. Nilipoanguka sikumwita. Alipoanguka yeye sikugeuka. Nikaanza kuona mambo ambayo zamani sikuyaona: barabara pana, muziki wa polepole, kila mtu na njia yake. Ile ya kwanza, kusema kweli, ilikuwa inakubana. Kila hatua unamuwaza mwenzako yuko wapi, na akifa, umemuua wewe. Hii inakuacha. Zamani niliionea bure. Niliipenda, na kuipenda huko kulinitisha, lakini kidogo tu.

Tukiwa katikati ya kucheza, macho yake yakiwa kwenye skrini, akasema: "Kule nilibeba mutu. Rafiki yangu. Akakufa mugongoni, na mimi naendelea kubeba tu." Sauti ileile anayoombea chumvi. Najua mke mwema angeacha kila kitu amkumbatie. Mimi nilisema "Pole," nikaruka ukuta, nikasonga mbele. Akasema asante. Tangu siku hiyo tunacheza kila Jumapili, na hilo jambo hajalitaja tena.

Sasa wiki hii wakubwa wake jeshini wamemuuliza kama anataka kurudi kule. Ni kwa hiari yake, hakuna anayemlazimisha. Akaja nyumbani akaniambia nikiwa napakua chakula: "Wewe sema. Ukisema nibaki, nabaki. Ukisema niende, naenda. Kwangu yote sawa."

Nikafungua mdomo niseme baki. Nilijua ndilo jibu. Halikutoka. Akavuta sahani yake. "Kale, sawa, fikiria," akasema. "Wanataka jibu Ijumaa." Tukala.

Nimefikiria, na nawaambia ninyi nisichoweza kumwambia mama yangu. Alipokuwa kule nilikuwa na mume. Nilimuwaza nikiwa kwenye cherehani, nilimwombea, simu ikilia nilikuwa naikimbilia mpaka najikwaa. Sasa amekaa hapa mezani na sina mtu. Nikisema aende, nitampata tena yule wa kumngoja. Lakini akifia kule, nitakuwa mimi niliyemtuma. Nikisema abaki, tutaishi hivihivi, kwa adabu, mpaka tuzeeke. Na kitu kingine: sijui kama ndani ya ukimya ule kuna mtu anayetamani nimwambie baki. Nikimtazama simuoni. Labda na yeye akinitazama hanioni.

Ninyi mlioolewa na wanajeshi, na ninyi wanajeshi wenyewe mnaosoma hapa, semeni na mimi. Msiniambie niombe, maana kuomba naomba. Leo asubuhi, kabla sijatoa jibu lolote, nimemkuta barazani ametoa buti zake za jeshi anazisafisha. Mimi nikaingia ndani, nikamletea brashi bila kuombwa. Nishaurini ndugu zangu, Ijumaa nimwambie nini?