Nilifungia mama fua sukari kwa sanduku la chuma, mboga ikapotea kwa meza yangu

Wakuu, niaje. Wazee kwa vijana, wa hapa Nairobi na nyinyi wa mbali mnaosomanga kimya kimya bila kuchangia, vuteni viti.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, kwa nyumba yangu, hapa Kabiro. Kama nimeongeza chumvi, kesho nikiwasha mashine ya kuchomelea inipige shoti.

Kwanza mjue mnaongea na nani.

Mimi ni fundi wa chuma. Shule niliachia darasa la saba. Nilitoka Vihiga na begi moja, na hiyo begi yenyewe ilikuwa ya kuazima. Nimelala Kibera kwa chumba cha binamu, kichwa kikiwa kitandani na miguu chini ya meza yake. Leo niko na kibanda changu Kawangware 46, na ukitembea Kabiro ukaona geti inafunguka bila kulia kama mtoto, hiyo ni mkono wangu. Kuna watu huita ndugu zao waje waone bawaba tu.

Kwa plot ninayoishi mimi ndio chairman wa wapangaji. Sikuomba. Waliona tu.

Sasa tuingie kwa maneno.

Nyumbani tuko watatu, binti yetu Sharon yuko shule ya bweni. Mimi, bibi yangu Mama Sharon, ambaye anauza mitumba na hurudi jioni, na mama yangu mzazi. Mama alikuja kutoka nyumbani kutibiwa macho, daktari akasema akae karibu kidogo. Plot nzima humwita Kukhu, yaani nyanya, hata wale Wakamba.

Halafu kuna mama fua. Anaitwa Mama Beryl, anatoka Kibera, anakuja Jumanne na Ijumaa. Anafua, anapiga deki, anaenda. Mama mcheshi, mikono haraka. Hapo kwetu anafulia nyumba kadhaa, na zote alizipata kwa sababu mtu mmoja alimwambia mwingine, "huyu ni mzuri."

Basi sukari ikaanza kuisha.

Siongei juu ya kijiko. Unanunua, unajaza mtungi, unageuka, imefika kiuno. Mara mchele nao unapungua. Mara majani ya chai. Mara sabuni ya unga.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nikachukua chaki yangu ya fundi, ile ya kuchora kwa chuma, nikaweka alama ndogo nyuma ya mtungi ambapo mtu hawezi kuona. Jumatatu alama iko sawa. Jumanne jioni sukari iko chini ya alama. Nikachora alama mpya. Jumatano iko sawa, Alhamisi iko sawa. Ijumaa jioni, chini tena.

Wakuu, hapo hata askari wa mwaka wa kwanza anafunga faili.

Nikamwambia Mama Sharon, "Huyu mama anatumaliza."

Akaniuliza, "Umemwona akichukua?"

"Chaki imemwona."

"Basi iambie chaki ifue hizo overall zako."

Hivyo ndivyo huyo mwanamke huniongelesha, na mimi ndio chairman.

Najua kuna mtu hapo chini ameshaanza kuandika, "Si ungemuuliza mama yako anashinda hapo nyumbani?" Tulia. Mzee ametoka hospitali, macho yanapona, nimsumbue na habari ya wezi? Nilikataza kabisa mtu yeyote kumwambia. Nilifikiria kama mwanaume.

Sasa ikatokea jambo la kufanya hii maneno iwe nzito.

Musyoka, caretaker wetu, alikuja kibandani kwangu. Akasema mwenye plot anataka mtu mmoja wa kudumu, wa kuosha ngazi na uwanja kila siku, alipwe mwisho wa mwezi. Mama Beryl ameomba. Jumamosi kuna mkutano wa wapangaji, na yeye mwenyewe ataitwa awepo.

Akaniambia, "Chairman, wewe ndio unamjua. Ukisema ndio, ni ndio. Ukisema hapana, sidhani hata hizo nyumba zingine zitaendelea naye."

Nikamjibu, "Jumamosi nitasema."

Na moyoni nilikuwa nishajua nitasema nini.

Lakini mimi siongei bila ushahidi wa mwisho. Nikasema, wacha nifunge chakula chote Ijumaa moja. Kisipopungua, basi kesi imeisha.

Mwingine angenunua kufuli ya kabati. Mimi nikatengeneza sanduku.

Wakuu, hilo sanduku! Bati nene ile ya milango ya duka. Kona zote nimechomelea ndani na nje. Kufuli nimeificha ndani ya kofia ya chuma, msumeno haupati mahali pa kushika. Ndani inaingia sukari, mchele, majani, sabuni, na nafasi inabaki. Nikaipiga rangi ya maruni iliyobaki kwa geti ya kanisa fulani. Kuipandisha gorofa ya tatu tulikuwa wanaume wawili, na mmoja bado analalamika mgongo.

Mama Sharon akaiangalia, akashika mdomo. "Hii ni sukari ama ni benki?"

Kukhu akapapasa kifuniko, akapapasa pembeni, akauliza kwa upole, "Mwanangu, nani amekufa?"

Nikawaambia ni ya kuzuia panya. Nikaacha nje kipande cha sabuni ya kufulia tu, nikafunga, nikaenda kazi na ufunguo mfukoni.

Ijumaa jioni nikarudi. Sanduku halijaguswa. Nikafungua, kila kitu sawa na alama ya chaki. Nikafunga tena. Kesi imeisha. Nikanawa mikono nikiimba, nikakaa mezani.

Mama Sharon akaleta ugali na kabeji.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu. Kwa muda mrefu hapo nyuma nilikuwa nakula kama mtu wa ofisi kubwa. Managu iliyolala na maziwa. Kunde laini. Mrenda inavutika mpaka unasimama kuikata. Nilimsifu Mama Sharon mbele ya watu, nikasema huyu amekomaa kwa jikoni. Naye alikuwa anakula hiyo sifa na kunyamaza.

Nikauliza, "Mboga ya kienyeji iko wapi leo?"

Mama Sharon akasema, "Muulize mama yako. Mimi huipata imechambuliwa, napika tu. Nilidhani ananunua hapo chini."

Nikamgeukia Kukhu. Yeye anakula kabeji pole pole kama mtu wa adhabu.

"Mama, mboga iko wapi?"

Akasema, "Bakuli halikuenda. Mboga ingeliwaje?"

"Bakuli gani?"

Wakuu, mama yangu akaweka kijiko chini, akanieleza kama mtoto wa chekechea.

Siku ya kwanza Mama Beryl kumpata hapo na bandeji kwa jicho, alimwambia, "Pole, mama." Siku yake ya kufua iliyofuata akamletea managu kwa bakuli la bluu. Mama Beryl hupanda mboga kwa magunia nje ya mlango wake Kibera. Alileta ya kumsalimia mgonjwa, basi.

Sasa nyinyi watu wa Western mnajua. Hata nyinyi wa Nyanza, msijifanye. Bakuli la mtu limekuja na kitu. Unalirudisha tupu? Ukilirudisha tupu umemwambia mwenyewe asirudi tena kwako. Kwa hivyo Kukhu akaweka sukari kidogo, akamrudishia.

Na Mama Beryl naye ana mama aliyemlea. Ataletaje bakuli tupu kwa mzee? Akarudi na kunde. Kukhu akaweka mchele. Akarudi na mrenda. Kukhu akaweka sabuni.

"Na mngeacha lini?" nikauliza.

Mama akashangaa. "Nani angeanza kuacha?"

Mama Sharon hapo alikuwa amejifunika uso na leso. Mabega yanaruka.

Nikauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliuliza? Mimi nimekaa hapa naskia unachorachora mtungi na chaki, nikasema labda ni kazi yenu ya welding."

Halafu akaongeza kitu kilichonimaliza. Akasema leo asubuhi Mama Beryl alileta saga, ile mboga chungu ya kienyeji, akaimimina jikoni. Lakini Kukhu alipoenda kujaza bakuli, chakula chote kimefungiwa kwa hiyo jeneza. Akaona aibu kulirudisha tupu. Akalificha chini ya kitanda changu.

"Na hiyo saga?"

"Nimeificha pia. Nitakulaje mboga ya mtu na bakuli lake nimelizuia?"

Wakuu, fikirieni. Nimetafuta mwizi kwa nyumba yangu kwa chaki na kwa chuma. Mwishowe kitu cha mtu kimepatikana kweli. Kimepatikana chini ya kitanda changu.

Kukhu akasema, "Fungua hiyo kitu sasa hivi." Nikatoa ufunguo kwa haraka ya mtu aliyekemewa, nikauzungusha vibaya, krak. Nusu mkononi, nusu ndani ya kufuli.

Na hiyo kufuli nimewaambia nimeificha vipi. Niliipigapiga mpaka jirani akagonga ukuta. Haikufunguka. Hata kwa hiyo aibu nilisikia fahari kidogo. Hakuna mtu Nairobi angeifungua bila grinda.

Na grinda iko kibandani.

Jumamosi nikafunga kazi mapema, nikabeba grinda. Kufika, mkutano umeshaanza uwanjani, watu wamekalia mitungi na stuli. Mama Beryl ameketi pembeni, amevaa kitambaa kizuri cha kichwa, mikono kwa magoti. Musyoka akasema, "Chairman, tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Nikasema, "Dakika kidogo."

Nikashusha sanduku na yule wa mgongo. Stima ya nguvu iko huko chini kwa Musyoka, ningefanyaje? Nikachomeka grinda katikati ya mkutano. Cheche zikaruka, akina mama wakakusanya nguo za kamba.

Mtu wa gorofa ya kwanza akapaza sauti, "Chairman, hiyo ndio pesa yetu ya kikundi?"

"Ni sukari!"

"Sukari ya nani, ya rais?"

Plot ikalipuka. Na nikikata, moto ukapata mfuko wa sukari ya akiba ulioegemea bati, ikaanza kunukia tamu kama kiwanda cha peremende. Watoto wakatoka kila mlango. Ile iliyoungua waliila yote.

Kifuniko kikaanguka. Kukhu alikuwa ameshashuka ngazi ameshika bakuli la bluu. Nikalijaza sukari mpaka ikawa mlima. Nikatembea mbele ya watu wote, nikamshikisha Mama Beryl kwa mikono miwili.

Akaliangalia bakuli. Akaniangalia.

"Baba Sharon, kumbe bakuli langu lilikuwa limefungwa?"

Watu wakacheka.

"Mimi jana nimefika kwangu nikaambia watoto, wale watu wa Kabiro wamekula bakuli letu. Wakaniambia, mama, enda uulize. Nikasema hapana. Siwezi kuharibia watu jina juu ya bakuli."

Alisema akicheka. Hakujua anamwambia nani.

Mama Sharon aliniangalia. Nami nikaangalia grinda.

Musyoka akauliza, "Sasa chairman, unasemaje juu ya huyu mama?"

Nikasimama wima, nikapangusa uso. "Huyu mama nimempima kwa vipimo vyangu vyote. Mnajua mimi sikosei. Kama kuna mtu hapa anataka mwaminifu kumshinda, aende amchomelee."

Makofi. Akapewa kazi. Kukhu alipiga vigelegele mpaka bandeji ikasogea.

Mnadhani imeisha? Jumanne akaja kuosha ngazi. Bakuli limerudi, ndani kuna omena ya kukaanga, dagaa wa ziwa, na kwapani ameshika jogoo.

Jogoo, wakuu! Kwa bakuli la sukari!

Hapo nikajua nimechokozwa. Nikamtengenezea stendi ya chuma ya magunia yake, ya ngazi ngazi, maji yakimwagwa juu yanashuka mpaka ya chini. Nikaibeba mwenyewe hadi Kibera, bakuli limekaa juu, na mchele ndani. Majirani zake walizunguka hiyo stendi kama gari jipya. Wawili wameagiza palepale. Mkono wangu sasa unajulikana Kibera, mahali nilipolala miguu chini ya meza.

Lile sanduku halikupotea bure. Liko chini ya ngazi, jogoo analala ndani. Hakuna jogoo analindwa hivyo Kenya hii.

Somo langu ni fupi. Kitu kikipungua kwa nyumba, anza kuuliza watu wa nyumba, hata kama mmoja ana bandeji kwa jicho. Huyo ndiye aliyekuwa anaona. Na jina la mama fua ndilo barua yake ya kazi, ukilichoma hakuna fundi wa kuliunganisha, hata mimi.

Nilitaka kumalizia hapo, nijivunie kwamba bakuli liko kwake na nimeshinda.

Lakini leo ni Ijumaa. Nimeskia mlango, nimeskia Kukhu akicheka jikoni, na sasa hivi bakuli la bluu limewekwa mbele yangu hapa nikiandika. Limefunikwa na sahani. Lina joto. Linanukia samaki wa nazi, na huyu mama si hata wa pwani.

Wakuu, nishaurini haraka kabla hajamaliza ngazi. Naweka nini?