Bi Plasta na Kinywa cha Vidole Viwili

Je, umewahi kuona jino la ukubwani lisilozidi punje ya mchele? Fundi wa meno bandia, ambaye wagonjwa humwita Bi Plasta, ameliona. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Jino lilikuwa lile lile.

Saa mbili asubuhi yuko katika kichumba chake nyuma ya kliniki. Mezani pana vumbi jeupe, taa ya spiriti, kisu chembamba, na kopo la maziwa lililojaa brashi. Anayeyusha nta na kupanga meno manne ya juu, moja moja, kama mtu anayetunga shanga.

Mwenye meno yupo benchini na mama yake: binti wa miaka kumi na sita. Alipokuwa na mitano alipata saratani nyuma ya pua. Mionzi ilimponya. Lakini meno yake ya ukubwani yalikuwa bado mbegu ndani ya taya, na mionzi ikayakuta humo humo.

"Yalitoka madogo, mizizi hayana," anasema Bi Plasta. "Jino bila mzizi ni mgeni tu, saa yoyote linaaga."

Manne ya mbele yameaga, la mwisho kwenye ndizi mbivu. Mate nayo yalikauka, kwa hiyo binti hatembei bila chupa ya maji. Tangu pengo litokee, hajasoma kwa sauti darasani.

Na taya limekaza. Kinywa kinafunguka vidole viwili, wakati kisahani cha kuchukulia alama za meno kinataka vitatu.

"Kitanda kisipopita mlangoni si unakifungua?" anacheka fundi. Alikikata kisahani katikati, akachukua alama nusu nusu, akaja kuziunganisha mezani. Kwa miaka ishirini na mbili kazini hakuwahi kufanya hivyo.

"Nilikiweka kisahani chini kwanza, nisikufiche. Si woga. Mwili wa mtoto umepita kwenye moto ule, halafu umekaa mbele yako unakunywa maji! Nilitamani kuvua viatu, kama mlangoni pa msikiti."

Sasa anataka kuunda visahani vya nusu nusu vya saizi zote za watoto. Kinachomsumbua ni kingine: kila seti kumi anazotengeneza, mbili huishia kabatini. Meno usiyoyapenda hayavaliki.

Anamjaribisha binti meno yakiwa bado kwenye nta. Yamenyooka, yamebanana, yanang'aa.

"Ee, jamani!" mama anapiga makofi. "Si mtangazaji wa runinga huyu!"

Binti anajitazama kiooni. Anakunywa maji funda moja.

"Yako sawa?" anauliza fundi.

"Sawa."

"Mh. 'Sawa' hiyo naijua, ndiyo inayokwenda kulala kabatini. Mwanangu, leo ni nta, kisu kikipata moto nasogeza ninavyotaka. Kesho ni plastiki, hata ulie. Sema."

"Anachotaka huyu ni..." mama anaanza.

"Mama mtu, meno si yako." Fundi ameinua kidole. Mama anafumba mdomo.

Fundi anashusha kisu, anakunja mikono, anangoja kama mtu asiye na kazi nyingine siku hiyo.

Binti anageuza chupa mara mbili, tatu.

"Nilitaka mwanya," anasema. "Kama wa mama."