Mama Spana na Gari la Shemeji

Kila siku asubuhi, kabla hata hajapiga mswaki, yule mzee aliyekuwa meneja wa benki alitoka nje na kitambaa laini akalipangusa gari lake. Alianzia taa ya kushoto, akalizunguka taratibu hadi taa ya kulia, akipumulia hapa, akisugua pale, kama daktari anayepitia wagonjwa wodini. Mama Spana alimwona kutoka dirisha la jikoni, maana nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mfupi tu, na kila alipomwona alisonya.

Si kwamba alilichukia gari. Gari lilikuwa zuri, la rangi ya krimu, limeundwa kabla yeye hajazaliwa, na lilikuwa mali ya baba mkwe wake, mtu aliyemheshimu. Aliyemdharau ni huyu mrithi. Mtaa mzima ulimwita Meneja, ingawa benki ilishamstaafisha miaka tisa iliyopita na siku hizi hakuwa akisimamia kitu isipokuwa maua ya uani. Alilijua gari lake kwa nje kama kiganja cha mkono wake. Kwa ndani alilijua kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni asiyejua choo kiko wapi.

Dharau hiyo ilikuwa na umri. Mumewe Mama Spana alikuwa mdogo wake Meneja, na alikuwa na karakana nyuma ya soko. Hapo ndipo Mama Spana alipojifunzia kazi. Mwanzo alimshikia mumewe tochi, kisha akaanza kumpa spana kabla hajaitaja, na baada ya miaka michache wateja wenye magari yenye maradhi yasiyoeleweka walikuwa wakifika na kumuulizia yeye kwanza. Mume alifurahi tu. Kisha akaugua, akafariki, na wiki ya tatu baada ya mazishi Meneja alikuja na daftari mkononi akatangaza kwamba karakana inafungwa. Yeye ndiye mkubwa, alisema, na biashara ya grisi si ya mjane. Vifaa vikachukuliwa. Baada ya mwezi akamletea shemeji yake cherehani, akasema kushona ni kazi safi ya mwanamke.

Mama Spana alishukuru. Cherehani akaisukuma chini ya kitanda bila hata kuitia uzi, akaenda kuomba kazi kwenye bohari la idara ya maji. Huko alitengeneza malori na injini za pampu kwa miaka kumi na tisa, hadi wanaume wenye mabega kama milango wakawa wanangoja aseme injini inaumwa nini ndipo washike chochote. Meneja hakuwahi kumuuliza anafanya nini huko. Mbele ya wageni alisema, "Shemeji yangu yuko ofisi ya maji," kwa namna ya kumfanya mtu adhani anapiga mihuri.

Basi mwaka jana Meneja akaamua kuipendezesha injini. Alinunua mabomba yanayong'aa, akafungua hiki na kile, akapaka rangi, akafunga. Tangu siku hiyo gari likaanza kuugua, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Asubuhi liliwaka kwa mguso mmoja. Likaenda saa nzima bila kulalamika. Lakini Meneja akisimama dakika kumi kununua gazeti, kisha akaliwasha tena, stata ilizunguka mpaka ikachoka, injini ikaamka kwa kikohozi, ikatetemeka, ikamisi kwa kuruka mapigo, ikatoa moshi mweusi na kuzimika. Ukiliacha likapumzika saa moja, linaondoka kama halikuwahi kukosa adabu.

Fundi wa kwanza alisema ni plagi, akabadilisha plagi. Wa pili akasema ni koili, akabadilisha koili. Wa tatu alikuja na kompyuta, akalizunguka gari mara mbili akitafuta pa kuichomeka, katika gari lililoundwa wakati kompyuta moja ilijaza chumba. Mama Spana alisimama upande wake wa ukuta na kikombe cha chai, akamtazama kwa raha ambayo hakujisumbua kuificha. Meneja naye alikuwa na maelezo yake, aliyowapa wote waliopita: petroli ya siku hizi ni mbovu. Mama Spana alijua kwamba petroli ya siku hizi kweli huchemka mapema kuliko ya zamani. Ila kusikia ukweli nusu ukitoka kwenye kinywa kile kulimfanya atamani kuukana.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshahukumu kutoka dirishani. Ni pampu ya petroli, alijiambia. Imechoka, ikipata joto inashindwa kuvuta. Miezi mitano alikaa na jibu hilo kama mtu aliyeficha karata nzuri, akingoja aje kuombwa. Hakuombwa.

Aliyevunja ukimya ni wifi yake, dada yake Meneja, mwanamke mpole asiyependa magari ya aina yoyote. Alikuwa na miadi ya kusafishwa jicho hospitali, na Meneja akasisitiza kumpeleka. Walipotoka, wifi akiwa na bandeji, gari lilitetemeka hadi kwenye geti la hospitali na kuzimika katikati kabisa, nyuma yake gari la wagonjwa linapiga king'ora. Walinzi walilisukuma hadi pembeni. Wifi akiwa bado amekaa ndani, jicho moja limefunikwa, akampigia simu Mama Spana na kumwomba aje, kwa sababu kaka yake alikuwa akiwafokea walinzi kuhusu petroli.

Mama Spana alifika baada ya dakika arobaini na mfuko wake wa vifaa. Meneja alipomwona akazungusha ufunguo, na injini ikawaka mara moja, laini kabisa. Akatabasamu.

"Umeona? Limepona."

"Halijapona, shemeji," Mama Spana alisema. "Limepoa."

Wifi akasema hatapanda tena gari hilo mpaka Mama Spana alitazame, na kwa kuwa wifi alikuwa mpole, siku akikaza hakuna aliyembishia. Kesho yake asubuhi Mama Spana alivaa ovaroli lake la zamani la idara ya maji, akapitia geti la shemeji kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa cherehani.

Meneja alianza kumweleza anachofikiri. Mama Spana akamkatiza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi. "Usiniambie unachofikiri. Niambie ulichoona."

Ikawa wazi kwamba alikuwa ameona kidogo sana. Basi akamwamuru aendeshe, naye akakaa kando na saa ya mkono. Walizunguka barabara ya nje ya mji mpaka injini ikapata moto sawasawa. Wakasimama, akazima, wakangoja dakika mbili. Liliwaka vizuri. Wakaenda tena, wakasimama, wakangoja dakika kumi. Likakohoa, likatetemeka, likamisi, likafa. Meneja akafungua mdomo na Mama Spana akainua kidole.

Alifungua boneti. Kwanza alitoa plagi moja, akaiegemeza kwenye chuma, akamwambia Meneja azungushe stata. Cheche ilikuwa ya buluu na yenye nguvu. Kwa hiyo umeme ulikuwa mzima, na koili ya pili iliyonunuliwa ilikuwa haina kosa, kama ile ya kwanza. Plagi yenyewe ilikuwa imelowa petroli na kuwa nyeusi. Mama Spana aliinusa, akaigeuzageuza. Pampu iliyoshindwa kuvuta ingeacha plagi kavu. Hii ilikuwa inazama kwa petroli. Miezi mitano ya ubingwa wa dirishani ikayeyuka, na alisonya tena, safari hii akijisonya mwenyewe. Alikuwa amefanya kama Meneja tu, kutoa hukumu bila kushika kitu.

Akaondoa kifuniko cha hewa juu ya kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa, akainama. Injini ilikuwa imezimwa, lakini ndani ya kabureta petroli ilikuwa inachemka. Aliisikia ikitokota kwa sauti ndogo, na aliona matone yakidondoka moja baada ya jingine kwenda ndani ya injini, ambako hayakuhitajika. Gari likitembea, upepo na petroli mpya huipoza kabureta. Likisimama, joto lote la injini hupanda juu, petroli inachemka na kumwagika, na ukiwasha tena injini inakuwa imejaa kupita kiasi. Ukingoja saa moja, ziada yote inakauka.

Swali lililobaki lilikuwa kwa nini kabureta ya gari hili, iliyoishi miaka yote hiyo bila kuchemka, imeanza kuchemka mwaka jana. Mama Spana alipitisha kidole chini yake. Ilikuwa imekaa moja kwa moja juu ya chuma cha injini, na katikati karatasi nyembamba tu.

"Hapa palikuwa na kipande," alisema. "Kinene kama kidole. Cheusi."

Meneja alifikiri. "Kile cha plastiki? Nilikitoa. Kilikuwa kinaharibu sura."

"Kiko wapi?"

"Nilikitupa."

Mama Spana alimtazama mtu huyu aliyefunga karakana ya mumewe kwa daftari. Kile cheusi hakikuwa plastiki tu, ndicho kilichozuia joto la injini lisipande kwenye kabureta, na mtu aliyekibuni alikuwa amekiweka kwa makusudi. Tena akaona bomba la petroli, jipya, linang'aa, limefungwa kwa kibano cha kupendeza likigusana na ekzosi. Meneja alieleza kwamba pale lilikaa limenyooka vizuri.

"Shemeji," alisema polepole, "umelivalisha gari suti, ukalikalisha kwenye jiko."

 Masikio ya Meneja yalibadilika rangi. Hilo lilimtosha Mama Spana kwa siku ile, na hakuongeza neno, ingawa alikuwa nayo mengi.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Mama Spana alipata ubao mgumu wa kahawia uliotoka kwenye sanduku la zamani la swichi za umeme, aina isiyopitisha joto wala kuungua. Akapima, akachora kwa penseli, akakata kwa msumeno mdogo, akatoboa matundu, akalainisha kwa tupa hadi ukalala bila mwanya. Akaweka gasketi juu na chini. Bomba la petroli alilikunja upya likapita mbali na ekzosi, na lile la kung'aa alilirudisha kwa mwenyewe ndani ya gazeti. Kisha wakaenda barabarani. Dakika kumi, likawaka. Dakika kumi na tano, likawaka. Mchana, jua limekaza, dakika ishirini mbele ya duka, likawaka kwa mguso mmoja na kutulia likinguruma. Wifi, aliyekaa nyuma kwa hiari yake, alisema sasa linasikika kama wakati wa baba.

Meneja alikuwa na chama chake cha wenye magari ya zamani, wazee waliokutana Jumapili kuonyeshana boneti. Jumapili hiyo alirudi akiwa amejaa fahari. Alimwambia Mama Spana kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba amewasimulia wote, na wenzake wanne wana magari yenye maradhi, na amewaahidi kuwaleta.

"Niliwaambia siku zote nilijua shemeji yangu ana mikono ya fundi," alisema.

"Tangu lini?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza saa. Meneja alitazama maua yake. Akasema mvua itanyesha. Haikuwa na dalili yoyote ya kunyesha.

Wale wanne walikuja kweli, mmoja mmoja, na Mama Spana akawatengenezea magari uani kwake chini ya turubai. Sharti lake lilikuwa moja: mwenye gari aeleze alichoona, kisha aende akakae mbali. Baada yao wakaja wengine. Heshima ya Meneja mbele ya chama ilipanda kwa ajili ya kazi ambayo hakuigusa, na Mama Spana alimwachia hiyo heshima, kwa sababu hakuona kama ina kazi yoyote.

Miezi kadhaa baadaye Meneja alisimama kwenye geti la Mama Spana, akakohoa, akauliza kama shemeji anaweza kulitazama gari, kuna kelele kidogo upande wa feni. Hakusema ni petroli. Hakusema chochote anachofikiri. Mama Spana alikuwa amelala chini ya gari la mtu mwingine, miguu tu inaonekana.

"Alhamisi," alisema kutoka huko chini. "Kuna watu watatu mbele yako."